Maswali yanayoulizwa sana: teknolojia ya anga tunayoitumia kila siku huku Nyanda za Juu Kusini

Kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela. Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Mwanjelwa hapa Mbeya, na haya mambo ya anga nayafuatilia tangu niko sekondari. Wateja wakikaa benchi wakisubiri simu zao huwa tunapiga stori, na maswali kiukweli ni yale yale, mengine nayajibu mara tatu kwa wiki, kwa hiyo nimeamua kuyaandika sehemu moja.

Hivi roketi inamsaidia nini mtu anayelima viazi Uporoto?

Hili ndo la kwanza kwa kila mtu, na huwa linaulizwa kwa hasira kidogo, mtu anaona mabilioni yanaunguzwa angani wakati barabara ya kijijini kwake masika haipitiki. Hasira hiyo naielewa. Ila fikiria hivi, chombo kinachoenda angani kinatakiwa kiwe chepesi, kitumie umeme kidogo, kisiharibike maana huko hakuna fundi, na kisimuue aliyemo ndani. Ukiwabana wahandisi kwa masharti hayo wanatoa vitu ambavyo baadaye vinamfaa mtu yeyote mwenye umeme wa kubahatisha na hela ya mawazo, yaani sisi. Halafu kuna setilaiti zenyewe, zile zinazozunguka huku zinatuangalia, na kwa mkulima hizo ndo zenye faida kuliko vingine vyote ingawa ndo zinazojulikana kidogo. Nitazifikia huko chini.

Ni kweli kamera ya simu yangu ina asili ya NASA, shirika la anga la Marekani?

Kweli kabisa, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu naishika kila siku. Ukifungua simu ukachomoa kamera ya nyuma unapata kadude kadogo kama punje ya hindi, kana utepe mwembamba unaoenda kwenye bodi. Ukibandua lenzi yake, chini kuna kioo cha mraba kinachong'aa rangi rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Hicho ndo sensa. Kina vijicho mamilioni, kila kijicho kinapokea mwanga na kuugeuza kuwa chaji ya umeme.

Kamera za kidijitali za zamani zilitumia sensa aina ya CCD, na namna yake ya kufanya kazi ni kama watu wanaopokezana matofali kwenye ujenzi, chaji inatoka kijicho kimoja inapewa jirani, jirani anampa jirani, mpaka ifike mwisho wa mstari ndo isomwe. Picha zilikuwa nzuri ila umeme ulikuwa unaliwa sana na vifaa vya kuzunguka ile sensa vilikuwa vingi. Sasa mwanzoni mwa miaka ya 90 mhandisi Eric Fossum alikuwa JPL, maabara ya NASA kule California, wakitafuta namna ya kupunguza ukubwa wa kamera za vyombo vya anga, na timu yake ikafanya kila kijicho kiwe na amplifaya yake hapo hapo, kwa hiyo hakuna tena kupokezana. Umeme unaotumika ukashuka sana na kamera nzima ikaweza kukaa kwenye kipande kimoja kidogo. Mwaka 1995 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni, Photobit, kuitoa maabara na kuipeleka sokoni. Hiyo ndo CMOS unayoisikia kwenye matangazo ya simu, na karibu kila simu inayopita mezani kwangu inayo.

Kuna mama mmoja muuza ndizi kamera yake iliingia ukungu, nikamwonyesha kile kioo kwa lenzi ya kukuzia. Akakiangalia muda mrefu tu halafu akasema, "Kumbe ndo jicho lenyewe hili, mwanangu."

GPS, ile inayokuonyesha uko wapi, inakula bando?

Haili. Simu yako inasikiliza tu, haitumi kitu chochote kwenda kwenye setilaiti, ni kama redio, wewe ukisikiliza redio studio hawajui kama upo. Kinachokula bando ni ile ramani inayojichora kwenye kioo, kwa hiyo ukiipakua kabla hujaondoka mjini unaweza kuingia msituni Mufindi huna mtandao kabisa na bado ukajua uko wapi. Hili huwa naliambia kila dereva.

Na tuwe wakweli hapa, GPS si ya NASA, ni ya jeshi la Marekani, setilaiti ya kwanza ilirushwa 1978 na raia tulikuwa tunapewa mawimbi yaliyoharibiwa makusudi mpaka Mei 2000 walipoacha. Warusi wana yao GLONASS, Wachina BeiDou, na Ulaya wana Galileo ambayo shirika lao la anga ESA limeshiriki kuijenga, na simu nyingi za siku hizi zinasikiliza zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Setilaiti za GPS ziko kama kilometa 20,200 juu, kila moja ina saa ya atomiki, na inarusha ujumbe unaosema "niko hapa na saa hizi ni saa fulani". Simu ikipata nne inapiga hesabu ya muda ambao mawimbi yametumia njiani na inajua ilipo. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, unakosea mita 300! Ndo maana minara ya simu nayo huwa inatumia GPS kuweka saa zake sawa, kwa hiyo hata ukituma hela kwa simu bila kufungua ramani, kuna uwezekano mkubwa saa ya setilaiti imehusika.

Naweza kupima shamba kwa simu, na vipimo vikaaminika?

Unaweza, na hapa nina la kwangu.

Mama yangu alikuwa anakodi shamba la mpunga upande wa Igurusi, Usangu, kwa misimu kadhaa, akiambiwa ni ekari 3. Na si unajua kule kila kitu ni kwa ekari, kodi kwa ekari, trekta kwa ekari, wapandikizaji wanalipwa kwa ekari, hata mbolea unanunua kwa kuhesabu ekari. Kila msimu mavuno yalikuwa hayalingani na ya majirani na yeye akawa anajilaumu, labda mbegu, labda nimechelewa kupandikiza. Siku nimeenda kumtembelea nikazunguka lile shamba na simu mkononi, napita juu ya matuta ya majaruba taratibu, nikarudia mara tatu kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Ikaja 2.1, ikaja 2.3, ikaja 2.2.

Mwenye shamba wala hakuwa mwizi, nadhani. Alipima kama wazee wote wanavyopima, hatua 70 kwa 70. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ili hatua 70 kwa 70 itoe ekari kamili kila hatua inatakiwa iwe kama sentimita 91, na huyo mzee ni mfupi, hatua yake tuliipima ikaja sentimita 78. Piga hesabu uone, ekari tatu zake zinakuwa mbili na kidogo. Mama alilipia karibu ekari nzima ya hewa kila msimu, na kilichoniuma zaidi ni zile mbolea alizokuwa anarundika kwenye eneo dogo halafu anajilaumu mpunga ukilala.

Ushauri wangu: pima mahali pasipo na miti mirefu, tulia dakika moja au mbili simu ikiwa inaangalia juu kabla hujaanza, tembea taratibu, rudia angalau mara tatu. Simu ya kawaida inakosea mita 3 mpaka 5 hivi pakiwa wazi, kwa hiyo kwenye shamba la ekari kadhaa inafaa vizuri, ila kwenye kiwanja cha mji usithubutu kuitumia kugombana na jirani mpaka, hapo muite mpima ardhi.

Kile kinacholia pii pii kwenye basi la Dar ni hiyo hiyo GPS?

Ndiyo. Kifaa cha kufuatilia mabasi kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinajua mwendo kwa setilaiti na kinalia dereva akizidisha. Malori ya mizigo yanayopanda Kitonga kwenda Tunduma mengi nayo yana vya kwao, tajiri anaangalia gari yake iko wapi akiwa amekaa Kariakoo.

Mbona dishi la Azam linaangalia magharibi na la DStv limelala?

Kwa sababu yanaangalia setilaiti mbili tofauti. Ya DStv iko juu ya mstari wa ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki, na Mbeya tuko kwenye 33 hivi, kwa hiyo iko karibu juu ya utosi wetu. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, huko karibu na usawa wa Nijeria, ndo maana dishi linageukia machweo. Zote ziko kilometa kama 35,786 juu, urefu ambao setilaiti inazunguka sawa sawa na dunia inavyojizungusha, ukiiangalia ni kama imesimama tu. Waliothibitisha kwamba hilo linawezekana ni NASA na setilaiti za Syncom, ya 1964 ikarusha Olimpiki kutoka Tokyo. Bila hiyo ingebidi fundi wa dishi akae juu ya bati analizungusha mechi nzima.

Setilaiti inaniona nikiwa shambani?

Hizi za bure za wakulima hazikuoni hata kidogo. Landsat ya Marekani, ambayo ya kwanza ilirushwa Julai 1972 na ya 9 Septemba 2021, nukta moja kwenye picha yake ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo ekari yako nzima ni nukta nne na nusu hivi. Sentinel-2 za Ulaya nukta yake ni mita 10, ekari inakuwa kama nukta 40. Mtu haonekani, ng'ombe haonekani. Ila shamba linaonekana, na linaonekana kwa namna ambayo jicho lako haliwezi.

Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, halafu linarudisha kwa nguvu aina ya mwanga tusiouona, ulio jirani tu na mwekundu kwa upande wa pili. Jani likianza kuumwa au kukosa maji au naitrojeni, uwiano wa hizo mbili unabadilika, mara nyingi kabla hujaona unjano kwa macho. Setilaiti inapima zote mbili na kompyuta inatoa namba moja kwa kila nukta, wanaita NDVI. Ukiiweka kwenye rangi unaona shamba lako kama ramani, hapa kijani kibichi, kule kona ya chini kumepauka. Hiyo kona ndo unaenda kuikagua kwa miguu. Picha haikwambii ni ugonjwa gani, inakwambia uanzie wapi.

Shida kubwa ya huku kwetu ni mawingu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, wakati ndo mazao yako shambani, unaweza kukaa wiki kadhaa Rungwe picha zote ni pamba nyeupe tupu. Dawa yake ni setilaiti za rada kama Sentinel-1, zinapenya mawingu na zinaona hata usiku, ila picha zake zinahitaji kuzoea kuzisoma. Kwa mpunga zinafaa sana kwa sababu jaruba lenye maji kwa rada linaonekana jeusi.

Na mvua? Mbona wanatangaza halafu kwetu hainyeshi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatumia pamoja na vitu vingine picha za Meteosat, setilaiti ya Ulaya inayoipiga picha Afrika nzima kila baada ya dakika 10 mpaka 15. Inaona mawingu yanavyotembea na yalivyo marefu, ila milima yetu ni migumu, wingu linaweza kunyesha upande mmoja wa Mlima Rungwe na upande mwingine watu wakaanika kahawa. Utabiri unaongelea eneo pana, usiusome kama unaongelea jaruba lako. Lakini usiupuuze, hasa ule wa msimu, na ule wa baridi kali kwa ndugu zetu wa Makete na Kitulo ambao viazi vyao vinaungua na sakitu usiku mmoja tu.

Moto wa misitu nao wanauona?

Wanauona, na hapa naomba watu wa Mufindi na Kilolo mnisikilize vizuri. Kuna huduma ya NASA inaitwa FIRMS, inatumia setilaiti zinazopima joto la ardhi, na ndani ya kama saa tatu baada ya setilaiti kupita inaweka nukta kwenye ramani kila palipo na moto. Ni bure, na unaweza kujiandikisha wakutumie ujumbe kwa barua pepe moto ukionekana kwenye eneo ulilolichora. Mtu mwenye shamba la miti amewekeza miaka 15 ya maisha yake, anakaa mjini, na habari za moto anazipata kesho yake kwa kupigiwa simu miti imeshakwisha. Moto mdogo sana unaweza kupita bila kuonekana na mlinzi bado unamhitaji, ila kila mwenye miti angejiandikisha kabla ya Julai.

Frampeni isiyoshika, chupa ya chai, velikro, hizo ni za NASA?

Zote hapana. Ile dawa ya frampeni, Teflon, iligunduliwa 1938 na NASA imeanzishwa 1958. Chupa ya chai ni ya mwanasayansi James Dewar, 1892. Velikro ni ya Mswisi George de Mestral aliyeona mbegu zinavyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake, kama kishonanguo kinavyokung'ang'ania suruali ukikatiza porini. NASA walizitumia tu, watu wakaziona kwenye televisheni wakadhani ndo wenyewe.

Sola nayo ilitoka maabara za Bell mwaka 1954, lakini hapo anga ina sehemu yake kubwa, maana mwanzoni bei yake haikushikika na waliokuwa tayari kuinunua ni watu wa setilaiti. Vanguard 1 iliyorushwa Machi 1958 ilikuwa ya kwanza kutumia sola na iliendelea kutuma mawimbi mpaka 1964. Wateja kama hao ndo walioibeba teknolojia ikiwa changa, leo iko juu ya bati Chunya.

Godoro langu je?

La kawaida la povu, hapana. Lile linalobonyea taratibu likaacha alama ya mkono wako, ndiyo, lilibuniwa 1966 kwa ajili ya viti vya ndege ili ajali ikitokea mwili usiumie sana. Rangi ngumu ya kuzuia mikwaruzo kwenye lenzi za plastiki za miwani nayo ina mchango wa NASA, na kile kipimajoto cha sikioni hospitalini.

Nimesikia hata parachichi zetu zinahusika, kivipi?

Hii watu hawaijui na kwangu inashindana na kamera. Miaka ya 60 NASA walitaka chakula cha wanaanga ambacho hakiwezi kabisa kuwa na vijidudu, kwa sababu mtu akiharisha ndani ya chombo kile, hakuna pa kwenda. Wakawapa kazi kampuni ya Pillsbury pamoja na maabara ya jeshi. Njia ya kawaida ilikuwa upike halafu uchukue sampuli upime, lakini wakagundua kwamba ili uwe na uhakika wa kutosha inabidi upime kingi mno mpaka cha kula kinabaki kidogo. Wakageuza mawazo, tuangalie kila hatua toka malighafi, tuulize hapa hatari inaweza kuingilia wapi, tuweke kipimo hapo hapo, na tuandike kila kitu.

Mfumo huo unaitwa HACCP, na mwaka 1993 ukaingia kwenye miongozo ya kimataifa ya chakula. Kwa hiyo parachichi ya Rungwe au Njombe ikifika kiwandani na kijana akaandika kwenye daftari joto la chumba baridi, saa ngapi mzigo umeingia, maji ya kuoshea yametibiwaje, lile daftari babu yake ni chakula cha safari ya mwezini. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye upakiaji aliniambia walikuwa wanaona ni usumbufu wa wazungu tu mpaka siku friji ilipozima usiku na daftari likawaonyesha ni kreti zipi zimeathirika, wakatenga hizo tu badala ya kupoteza mzigo mzima.

Kimondo cha Mbozi nacho ni teknolojia?

Hapana, hicho ni mgeni aliyekuja mwenyewe! Kinakadiriwa tani 16, zaidi ya asilimia 90 ni chuma na kama 9 ni nikeli. Ukienda Ndolezi pitisha mkono kwenye vile vishimo juu yake kama alama za dole gumba kwenye ugali, ni joto la kuingia kwenye hewa ya dunia liliyeyusha pale. Joto kama hilo ndo linalokisubiri chombo chochote kinachorudi, na ngao ya Apollo, vile vyombo vya safari za mwezini, ilitengenezwa iungue yenyewe taratibu ili watu wa ndani wasiungue. Utaalamu huo baadaye ukazaa rangi nzito za kupaka vyuma vya mitambo ya mafuta visilegee kwenye moto.

Afrika Mashariki tumewahi kurusha chochote?

Ndiyo, na pa kujivunia. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini karibu na Malindi, NASA walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kupima mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Waliipa jina la Kiswahili, Uhuru.

Hizo picha za mashamba ni shilingi ngapi?

Sifuri. Landsat zilikuwa zinauzwa mpaka 2008 walipozifungua bure kwa dunia nzima, na Sentinel zilikuwa bure toka mwanzo. Unahitaji bando, simu yenye kioo kikubwa kidogo au kompyuta, na uvumilivu siku ya kwanza.

Watu wakija mezani kwangu bila haraka huwa nawafungulia Usangu kwanza, picha za miaka ya 80 halafu za karibuni, ile ardhi oevu ya Ihefu na mashamba yanayoizunguka, na mto Ruaha Mkuu ambao tangu 1993 unakauka kila kiangazi. Wazee wa Mbarali wakiona huwa wanaanza kuonyeshana kwa kidole, hapa palikuwa na maji, hapa tulikuwa tunavua. Baada ya hapo kila mtu anataka shamba lake. Mama naye nilimfungulia la kwake, lile la ekari 2.2, ni nukta 90 hivi za kijani, akazihesabu za pembeni kwa kidole cha shahada, na msimu uliofuata akaenda kulipa kodi ya mbili na pointi mbili.